Karatasi ya Ziada

Jamani, naomba kuuliza: mtu anaombaje karatasi ya ziada dakika ya ishirini ya mtihani wa masaa matatu?

Yuii, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, ya asubuhi hii. Swali la kwanza, la lazima: tathmini Azimio la Arusha la mwaka 1967. Koziweki yangu, zile alama za kabla ya mtihani, ni ya kuombewa dua, kwa hiyo nimekaa kiutu uzima, peni mbili mezani, napanga hoja kwenye ukurasa wa mwisho. Huku kutaifisha mabenki, kule vijiji vya ujamaa, katikati mimi hakimu. Nahamia mbele, naanza utangulizi: "Mnamo tarehe 5 Februari..."

"Madam! Karatasi!"

Jirani yangu. Madam akaja na viatu vyake, ko, ko, ko, ukumbi mzima unasikiliza. Akampa. Nikajipa moyo, labda ana mwandiko mkubwa. Nikatupa jicho, si kuibia, ni utafiti tu: herufi kama siafu, zimejaa mpaka pembeni!

Nikarudi kwangu. Februari imekwisha, sijui inafuata nini.

Haikupita nusu saa, mkono juu tena. Ko, ko, ko. Sasa anaandika nini? Azimio lenyewe, chama cha TANU hawakutumia karatasi zote hizo kuliandika! Swali linataka upime, wapi lilifaa, wapi lilikwama. Yeye nahisi yuko kwa Wajerumani bado, uhuru wa 1961 hajauona. Na tujuavyo wasahihishaji, kitabu kikiwa kinene alama zinajileta zenyewe.

Mkono wa tatu ulipopanda nikajisikia nasema, tena kwa sauti: "Si mumpe rimu nzima!"

Kimya. Ko, ko, ko. Safari hii zinakuja kwangu.

"Wewe. Namba yako ya mtihani?"

Mimi tena! Mikosi yote yangu: jana umeme umekatika tukiwa vimbwetani tunasoma, bumu, hela ya mkopo, halijaingia, na rumumeti aliyeapa hajagusa desa, zile noti za kusomea, namsikia usiku anakariri ndotoni.

Nimetoka, jirani kanifuata: "Kaka, wewe ulianza na mabenki au vijiji?" Sikumjibu, nimeenda kunywa chai. Nako chapati siku hizi ukiinyanyua unamwona muuzaji upande wa pili. Nimemuuliza dada, kasema unga umepanda. Sawa. Na sukari ya kwenye chai, hiyo imekwenda wapi?