Mashua Dodoma, Bahari Bagamoyo

Mtu wa Dodoma akiniambia anataka mashua ya tanga, namuuliza kwanza: italala wapi? Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Wengi huiacha pwani, wakalipia ulinzi mwaka mzima kwa ajili ya safari mbili.

Ndiyo maana naitetea mashua ndogo ya faiba inayovutwa kwa trela. Cornish Shrimper 19 ya Uingereza, kwa mfano, ina urefu wa mita 5.87 na uzito wa tani moja na kidogo, na mkuku, yaani ubapa wa chini ya mashua, ukipandishwa huelea kwenye maji ya sentimita 46. Kwa pwani yetu sifa hiyo inazidi kasi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana; mashua ya mkuku usiopanda hulala ubavu, hii hukaa mchangani ikingoja maji kama dau, mashua ya mbao ya wavuvi wetu.

Kwa nini basi asinunue dau lenyewe, na mafundi tunao? Mbao. Dau likikaa miezi mitatu katika ukavu wa Dodoma, mbao hunywea na viungo huachana, na kabla ya kulishua majini itabidi likalafatiwe upya, yaani nyufa zake zizibwe kwa pamba na mafuta. Faiba inataka turubai la kuikinga na jua, basi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Beringi za trela zikishazama majini kwa chumvi huliwa na kutu, nazo ndizo za kukurudisha hadi Gairo na Kongwa. Kubwa zaidi ni wepesi. MacGregor 26 ya Marekani hubeba zaidi ya kilo 500 za maji tumboni, yanayojazwa ikishuka baharini na kumwagwa ikipanda trela. Ni ubunifu mzuri kwa barabara, ila tangi lisipojaa, mashua hupinduka kirahisi. Kwa hiyo kuvuka kwenda Pemba wakati wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, kwenye kina kile na mkondo ule, simshauri mtu hata kidogo. Kuambaa na pwani wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Bagamoyo, Saadani, hadi Pangani, namshauri kwa moyo wote.

Anunue, lakini asiondoke Dodoma bila kusoma jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa. Trela hushushwa ufukweni maji yakiwa yamejaa. Akifika yamekupwa, tani ile haitaburutwa kwenye tope. Atakaa saa sita akiyasubiri.