Kipya Kinyemi, Ingawa Kina Magurudumu

Ukisema unaishi kwenye trela huko Marekani, watu wa nyumbani wanaanza kukuombea dua. Wanajua mambo yamekuharibikia. Basi unawarushia video: sofa la ngozi, kaunta katikati ya jiko, friji la milango miwili, televisheni inayochomoza kabatini ukibonyeza rimoti, na ukutani moto unawaka. Dua inakatika palepale, inaanza mizinga. Lakini katika ukoo mzima hatokei hata mmoja wa kuuliza swali la maana: kama hiyo ni nyumba, mbona ina pleti namba?

Ina pleti namba kwa sababu ni gari, na balaa zote zinaanzia hapo. Jina lake ni fifwili (fifth wheel), trela lenye shingo. Halivutwi kwa mkia wa pikapu. Shingo inapanda juu ya bodi, kingpini, yaani pini nene ya chuma, inaingia kwenye taya za kiti cha chuma kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma, mtindo uleule wa semi zinazopanda mlima Kitonga. Ila semi imebeba saruji, ikitikisika hakuna anayelia. Hili limebeba vikombe vya harusi.

Wanunuzi wake wana sababu zao. Muuguzi wa mkataba wa wiki 13 akienda kupanga fleti, mwenye nyumba anataka asaini miezi 12. Trela linamaliza ubishi huo. Na inabidi liwe la karibuni, maana kambi nyingi za trela, yaani viwanja vya kukodi vya kuegesha, zina sheria ya miaka 10: likizidi umri huo, meneja analichungulia dirishani, kisha anasema samahani, nafasi zimejaa.

Ila ukilinunua jipya usidhani wamemaliza kulitengeneza. Mengi huundwa kaskazini mwa Indiana, maeneo ya Elkhart, na kazi ya kumalizia anaachiwa mteja. Toa kifuniko cha tundu la hewa ya moto sakafuni, ingiza mkono: vumbi la mbao, skrubu, vipande vya waya. Kiwandani walifagia, sema walifagilia humo. Chini ya sinki kaza viungio vya mabomba kwa mkono, kwa sababu safari ya kutoka kiwandani imeshavilegeza. Maji ya moto yakitoka vuguvugu, usikimbilie kununua hita. Nyuma ya hita kuna valvu za kupitisha maji pembeni, zinazotumika wakati wa kuweka dawa ya kuzuia barafu, na mara nyingi zimesahauliwa wazi. Zigeuze, maji yatapata moto. Na swichi ya umeme ya hita usiiguse kabla tangi lake halijajaa. Koili ikiwaka bila maji, inaungua kabla hujavua viatu.

Waranti kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo andika kila kasoro na tarehe yake, uipeleke ikatengenezwe. Hapo sasa. Gari likienda gereji, unapanda daladala. Nyumba ikienda gereji, unapanda nini?

Tuje kwenye vyeo, maana humu mtu anateuliwa bila kuomba, na mshahara hakuna. Cheo cha kwanza ni umeneja wa umeme. Kwenye nguzo ya umeme ya kambi kuna soketi ya ampea 50 na ya ampea 30. Anayedhani zimepishana kwa 20 tu atalala na joto. Ile ya 50 ina nyaya mbili za moto, kila mmoja ampea 50 kwa volti 120. Jumla wati 12,000. Ya 30 ina mmoja: wati 3,600, basi. Sasa fika Texas mwezi wa Julai ukute za 50 zimekwisha, uunge adapta kwenye ya 30. Kiyoyozi kimoja kinakula ampea 13 hivi. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme, 12. Mtu anaingiza wali kwenye maikrowevu, 13 nyingine. Breka inakata. Wali umebaki baridi, chumba ndicho kilichopata moto. Dawa yake ni kuihamishia hita ya maji kwenye gesi mapema, na kuzima kiyoyozi dakika mbili zile za kupasha chakula. Na ule moto wa ukutani uliomaliza ukoo kwa mshangao? Ni taa tu na hita ya wati 1,500, yaani ampea 12 na nusu. Hauchomi hata hindi.

Kuchomeka nako kuna adabu zake. Zima breka ya nguzo. Chomeka kwanza kifaa cha kulinda umeme, washa breka, subiri kipime, izime tena, unga waya wa trela, ndipo uwashe. Neutro, ule waya wa kurudishia umeme, ikiwa imelegea nguzoni, volti zinapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na upande uliopanda unaondoka na maikrowevu na televisheni. Kifaa chenyewe kinagharimu dola mia kadhaa, na wengi hukinunua siku ya pili yake.

Maji nayo yana ukorofi wake. Mabomba ya trela yanataka presha ya psi 40 hadi 60. Kambi nyingine zinakupiga 80 au zaidi. Kirekebisha presha kifungwe kwenye bomba la kambi. Ukikifunga upande wa trela umeilinda nyumba ukausahau mpira, na mpira ndio utakaopasuka usiku wa manane. Mpira mweupe ni wa maji ya kunywa. Wa kuoshea uchafu uwe wa rangi nyingine, ukae kabati lingine. Hapa hakuna mjadala.

Lakini ukubwa wenyewe ni wa choo. Humu maji machafu yana matabaka: ya sinki na bafu yanashuka tangi la kijivu, ya chooni yanashuka tangi jeusi, galoni 40 hivi, sawa na lita 150, nalo liko chini ya sakafu unayokanyaga ukiandaa chai. Valvu ya tangi jeusi inakaa imefungwa. Nasema imefungwa! Mgeni wa mambo akifika kambini anaunga mpira wa inchi 3 kwenye shimo la majitaka, anaacha valvu wazi, kila kitu kijiendee chenyewe. Maji yanajiendea kweli. Kisichokuwa maji kinabaki, karatasi inakaa juu yake, kinapanda taratibu chini ya bomba la choo hadi kinakuwa kichuguu, tena kikavu. Kukibomoa ni kazi ya fundi mwenye mashine ya presha, na fundi huyo anahesabu kwa saa.

Utaratibu ni huu. Kila baada ya kumwaga, rudisha galoni mbili tatu za maji safi tangini. Ukiflashi, kanyaga pedali mpaka maji ya kutosha yashuke; ubahili peleka kwingine. Karatasi iwe ya tabaka moja. Ijaribu: kipande ndani ya chupa ya maji, tikisa, na kama hakijasambaratika, karatasi hiyo ni ya kufutia vioo. Waliozoea kuchamba kwa maji humu ni wafalme, maana tangi linapenda maji, karatasi linaichukia. Subiri lifike theluthi mbili. Vaa glavu, fungua jeusi kwanza, liishe, lifunge, ndipo ufungue la kijivu, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Ukianza na la kijivu umejiandalia mpira wa kuogopa kuushika.

Taa za kipimo usizisadiki. Karatasi ikinata kwenye vihisi, kipimo kitasoma theluthi mbili hata tangi likiwa tupu, na kitaendelea hivyo mwaka mzima bila haya. Kuna pia tundu la nje la kuunga maji ya kuoshea tangi kwa ndani. Zuri sana, ila usilifungulie maji valvu ikiwa imefungwa kisha ukaenda kupiga soga kwa jirani. Tangi likijaa, maji yanatafuta njia ya juu, na njia za juu ni mbili tu: bomba la hewa la paani, au chooni kwako. Halafu ile feni ya dari: izime kabla ya kukanyaga pedali. Feni inavuta hewa, na kifuniko cha choo kikifunguka, hewa iliyo karibu zaidi ni ya tangini. Mtu anawasha feni kufukuza harufu, kumbe ameiita.

Jikoni hali ni ya mvuke. Maharage ya saa mbili kwenye gesi yanatoa mvuke wa sufuria, lakini gesi nayo inatoa wake: kilo moja ya propani ikiungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Maji hayo yanakwenda kwenye vioo, ndani ya kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje, na chini ya godoro. Unainua godoro unakuta kuvu imeshajenga ukoo. Pika tundu la paa likiwa wazi na feni ikizunguka, hata nje kukiwa na theluji. Pandisha godoro kwenye chaga zenye kupitisha hewa. Nunua mashine ya kukausha hewa na uwe unamwaga maji yake kila siku. Vitunguu vya pilau navyo vitaliamsha king'ora cha moshi kabla hata havijawa kahawia. King'ora cha gesi kiko chini karibu na sakafu, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa. Hicho hupigia kelele hata dawa ya nywele, lakini usikizime. Kelele zake ndiyo kazi yake.

Baridi ikikaza, tanuru ya gesi ya BTU 35,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) inaunguruma. Mtungi wa ratili 30 unachukua galoni 7 hivi, na tanuru hiyo ikiwaka mfululizo, mtungi haufikishi saa 20. Mtu anapiga hesabu, anajiona mjanja: azima tanuru, aweke hita mbili za umeme. Sebule inakuwa na joto safi. Asubuhi bomba halitoi hata tone. Katika trela nyingi, tanuru ndiyo inayopuliza hewa ya moto kwenye tumbo la chini yalimo matangi na mabomba. Hita ya umeme inapasha miguu yako, mabomba hayaijui. Na kama umepanga kwa mwezi, umeme una mita yako mwenyewe, kwa hiyo ujanja huo umeulipia mara mbili.

Slaidi, vile vyumba vinavyochomoza ubavuni kuongeza nafasi, zina masharti machache lakini haziyasamehe: sawazisha trela kwanza, ndipo uzitoe, angalia nje kama kuna mti au nguzo, angalia ndani kama kuna kiatu cha mtoto kwenye reli. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji azifunge zote, kisha ujaribu kufika chooni na kwenye friji. Kuna trela zikifungwa, choo kiko na wewe huna njia. Mwuzaji atanuna kidogo, mwache anune.

Sasa siku ya kuhama. Vizuizi vya magurudumu vibaki mahali pake mpaka mwisho. Shusha mlango wa nyuma wa pikapu, rudi taratibu, kingpini iingie, kisha shuka na tochi uone kwa macho kwamba taya zimefunga nyuma yake. Mlio wa klaki si ushahidi. Funga kebo ya breki ya dharura, chomeka waya wa taa, pandisha miguu ya mbele inchi moja tu kutoka ardhini, shika breki ya trela kwa mkono na uvute gari kidogo. Ikichomoka, trela litaanguka inchi moja. Aliyeruka hatua hii huona shingo nzima ikitua kwenye kuta za bodi la pikapu, mbele ya kambi nzima iliyokaa na kahawa.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi; zile nzito ni psi 110, na namba yenyewe imeandikwa ubavuni mwa tairi na kwenye kibandiko cha trela. Nati za magurudumu mapya zikazwe tena kwa spana ya kipimo ndani ya maili 50 za kwanza. Kisha andika urefu wa trela kwenda juu, ukihesabu na kiyoyozi cha paani, ukabandike mbele ya usukani. Mengi yanagonga futi 13. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa futi 11 na inchi 8, likasifika duniani kwa kuchana mapaa ya malori. Mwaka 2019 wakalinyanyua hadi futi 12 na inchi 4. Kwa hiyo sasa hivi litachukua viyoyozi tu na kipande cha paa.

Zunguka trela zima kabla ya kuwasha injini: antena, ngazi, mpira wa maji, waya wa umeme. Waya hasa, kwa sababu ukiondoka nao kambi itakudai nguzo. Na ukisikia kishindo ndani katika maili ya kwanza, usisimame barabarani kwenda kuangalia. Ni kabati la vikombe, na vikombe vyenyewe vimeshavunjika.