Sabuni zilirudi madukani. Uchumi je, ulikua?

Muulize Mtanzania wa rika la foleni kuhusu mageuzi ya uchumi ya 1986, yaliyofuata masharti ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa). Aliyepanga foleni ya sabuni na sukari atakwambia nchi ilifufuka enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi. Mzazi aliyeshindwa ada ya shule atakujibu mengine kabisa. Wote wana haki. Tatizo lipo kwenye takwimu tunazozitumia kuwaamua.

Watetezi wa mageuzi wana hoja nzito. Vita vya Kagera na bei ya mafuta viliikausha nchi fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri. Shilingi iliposhushwa thamani na biashara kulegezwa, bidhaa zikajaa na pato la taifa likaanza kupanda. Ila zamani gunia la mahindi lililouzwa kwa magendo lilikuwa gumu kuonekana kwenye hesabu za serikali. Lilipoanza kuuzwa mchana kweupe, likahesabika. Mkulima yule yule, gunia lile lile, na kwenye karatasi uchumi umekua! Lakini kosa hili linawaponza wapinzani wa mageuzi pia: wakilinganisha bei mpya ya sukari na ile bei rasmi ya zamani, wanasahau kwamba wengi walishazoea kununua kwa walanguzi.

Kisha, sifa ni ya nani? Bajeti ya 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, ilisharuhusu mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Na baada ya 1986 wahisani walirudi na misaada. Kutenganisha matunda ya sera na ya misaada hiyo ni kazi ngumu, na wengi huiruka.

Upande wa hasara, vipimo ni vibovu zaidi. Katika hesabu za taifa, elimu ya serikali hupimwa kwa gharama zake, hasa mishahara. Mtoto akiacha shule, mwalimu bado analipwa, hakuna kinachopungua. Ada ya shule za msingi ilipofutwa 2001, watoto walifurika madarasani, ndipo ukubwa wa pengo la waliokosa shule ukaonekana.

Kwa hiyo naipa mageuzi sifa ya maduka bila kusita. Sifa ya ukuaji naitoa nusunusu: kati ya 2001 na 2007 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7 kwa mwaka, lakini umaskini ulishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu.