Ruzuku za Georgetown: mdai anapogeuzwa mwombaji

Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, watawa Wakatoliki wa Marekani, waliuza watu 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana, kwa dola 115,000. Wa kwanza kutajwa kwenye mkataba ni Isaac, mzee wa miaka 65. Katika malipo ya awali, dola 17,000 zilipunguza madeni ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichokuwa mikononi mwa Wajesuiti haohao. Siku hizi jengo moja la chuo hicho, jijini Washington, linaitwa Isaac Hawkins Hall, na kuna mfuko wa chuo uliotengewa dola 400,000 kwa mwaka kwa ajili ya miradi ya kijamii inayowanufaisha wazao wa watu wale.

Mfuko huo haukuwa wazo la kwanza. Aprili 2019 wanafunzi wa shahada ya kwanza walipiga kura kila mmoja aongezewe ada ya dola 27.20 kwa muhula, fedha ziende kwa wazao. Takriban thuluthi mbili ya waliopiga kura walikubali. Oktoba mwaka huo rais wa chuo, John DeGioia, akaja na njia nyingine: chuo kitafute kiasi kama hicho kwa michango ya hiari, kisha kitoe ruzuku kwa miradi. Ada ikaishia hapo, na mfuko ukaanza rasmi mwaka 2022.

Uamuzi huo una utetezi, na si wa kubezwa. Ada ya lazima ingemtoza mwanafunzi anayesoma kwa mkopo, pengine mweusi mwenyewe, alipie dhambi ya taasisi yenye akiba ya mabilioni. Halafu kuna hesabu. Watafiti wa nasaba wamewatambua wazao zaidi ya 8,000. Wagawie dola 400,000 na kila mmoja ataondoka na dola 50 au pungufu, fedha ya kununulia viatu. Fedha hizohizo zikielekezwa Maringouin, mji mdogo wa Louisiana wenye wazao wengi mpaka leo, zinaweza kulipa muuguzi au masomo ya ziada ya watoto kwa mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo, mradi unaishinda bahasha.

Tatizo langu liko kwenye utaratibu wenyewe. Ruzuku huombwa. Mzao wa aliyeuzwa anajaza fomu, anapanga bajeti, anaeleza matokeo anayotarajia, kisha anasubiri jibu la taasisi iliyofaidika na mauzo. Ni kweli wanafunzi na wazao wanashirikishwa kuyapima maombi. Lakini mfuko ni wa chuo, na masharti ni ya chuo.

Tena tukiacha Georgetown, ruzuku za ushirikiano wa jamii katika vyuo vingi vya Marekani zina mazoea yanayochosha. Fedha huingia kwanza kwenye akaunti ya chuo, mhadhiri ndiye msimamizi mkuu, na kikundi cha mtaani hutumia fedha zake kwanza kisha hurudishiwa kwa risiti. Kikundi chenye mfanyakazi mmoja na nusu hakina mtaji wa kungojea miezi mitatu. Mwaka ukiisha, mradi umeisha. Mhadhiri anabaki na makala, kikundi kinabaki na mabango. Msomaji aliyewahi kuandikia wafadhili ripoti za robo mwaka Dar es Salaam au Kisumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia mbadala ipo, na Georgetown imeikanyaga kidogo. Mwaka 2021 Wajesuiti wa Marekani waliahidi dola milioni 100 kwa wakfu walioanzisha pamoja na wazao, ambamo wazao wamo kwenye uongozi. Ahadi ilisuasua mpaka wazao wakalalamika hadharani. Mwaka 2023 Wajesuiti wakatoa milioni 17 na chuo milioni 10. Kwa hiyo wakfu nao si dawa ya uzito wa mkono. Tofauti ni kwamba fedha zikishatoka, zimetoka. Harvard ilitangaza dola milioni 100 mwaka 2022 kushughulikia historia yake ya utumwa, zikabaki chini yake; Januari 2025 ikawaachisha kazi watu wake waliokuwa wakiwatafuta wazao, kazi ikahamishiwa shirika la nje. Anayeshika mfuko hubadili mpango akitaka.

Kisha kuna sheria, ambayo sasa inawanyima usingizi wanasheria wa vyuo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilizuia ruzuku ya dola 20,000 ya Fearless Fund, mfuko wa uwekezaji wa Atlanta, iliyokuwa ya wanawake weusi wenye biashara peke yao. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1866, inayokataza ubaguzi wa rangi kwenye mikataba, ile iliyotungwa kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Georgetown inaweza kujibu kwamba yenyewe haitazami rangi bali ukoo. Jibu hilo peke yake halitoshi: katika kesi ya mwaka 2000 kuhusu uchaguzi wa Hawaii ulioachiwa wazao wa wenyeji peke yao, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ukoo unaweza kutumika badala ya rangi.

Hapo ndipo naona chuo kimejiponza. Georgetown ina kitu ambacho Fearless Fund haikuwa nacho: mkataba wenye majina, kiasi cha fedha, na kumbukumbu za matumizi yake. Ingelipa kama mdaiwa anayewalipa warithi wa watu wanaojulikana, ingekuwa na hoja nzito zaidi mbele ya jaji kuliko ikijieleza kama mfadhili anayesaidia jamii fulani. Wanasheria wake bila shaka wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mdaiwa akishakiri, mdai anaweza kuuliza riba ya tangu 1838, na dola 400,000 za michango ya hiari hazitakuwa tena kiasi ambacho chuo kinajipangia chenyewe.