Daftari la Tiba Shufaa na Tarehe Isiyoandikwa

Anayetaka kujua ni saratani zipi zinazowapata watoto walio katika tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, hufungua daftari la wagonjwa na kuhesabu: hawa wa jicho, hawa wa figo, hawa wa tezi za limfu, hawa wa damu. Baada ya miezi kadhaa ya kumsindikiza jirani yangu na mwanawe kliniki hapa Mombasa, naona kwamba hesabu hiyo hueleza machache kuhusu saratani na mengi kuhusu njia aliyopita mtoto kabla ya kufikishwa pale.

Chukua saratani ya jicho, iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Dalili yake ya mwanzo ni mboni inayong'aa nyeupe ikipigwa na mwanga, na aghalabu mama ndiye huiona, pengine kwenye picha ya simu. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi mno hupona, ijapokuwa huenda jicho lenyewe likaondolewa. Jirani yangu aliiona mapema. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya matone, ya pili ikampa matone mengine, na katikati yakapita makombe na mafusho, kwa kuwa mtaani walisema ni kijicho cha watu. Simlaumu, kwani mtoto anayecheza bila kulalamika maumivu hampi mzazi sababu ya kuvuka feri ya Likoni alfajiri na kupoteza kibarua cha siku nzima. Jicho lilipoanza kutokeza nje, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

Saratani ya figo nayo hugunduliwa mama anapomwogesha mtoto na kuhisi uvimbe tumboni, ukadhaniwa minyoo au bandama. Ile ya tezi ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, na ambayo inahusishwa na malaria ya mara kwa mara, huvimbisha taya kwa siku chache tu, lakini husikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Saratani ya damu ndiyo inayoongoza kwa watoto duniani, lakini uchache wake katika daftari kama hili usitufariji. Homa, weupe wa viganja na kupungukiwa damu, kwetu Pwani, kwanza huitwa malaria, na mtoto anaweza kuzikwa bila jina lake kuingia katika daftari lolote.

Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo la kuwaokoa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80, na katika nyingi za nchi maskini hawafiki 30. Shirika hilo hilo husema tiba shufaa ianze siku ugonjwa unapotambuliwa, iende sambamba na matibabu, wala mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, isingojwe hadi wiki za mwisho.

Kwa hiyo ningependa kando ya aina ya saratani iandikwe pia siku mzazi alipoiona dalili ya kwanza. Nilipomuuliza jirani yangu, hakusita: ilikuwa Idi pili, kwa sababu ndipo picha ile ilipopigwa.