Dr. Dre hakumtoa Eminem

Ukikaa na watu wanaopenda hip hop na jina la Eminem likatajwa, haipiti dakika mtu atasema Dr. Dre, prodyuza mkubwa wa California, ndiye aliyemtoa, yaani aliyemwibua. Kijana wa kizungu asiye na mbele wala nyuma, kanda yake ikafika kwa Jimmy Iovine, bosi wa lebo ya Interscope, Dre akaisikia, basi, nyota ikang'aa. Vipande vingi vya hadithi hiyo ni vya kweli. Tatizo langu ni kwamba inaanzia mwishoni. Inaruka karibu miaka kumi ya kurekodi, na inawafuta watu waliokesha naye studio wakati hakuna lebo hata moja iliyokuwa na habari naye.

Nazipenda kazi zake za miaka hiyo, na nadhani anayezichukulia kama vitu vya makumbusho tu anakosa mengi. Humo ndimo unamsikia msanii akijitafuta, anakosea, anaiga, anaacha kuiga. Albamu kubwa zilizokuja baadaye hazikuonyeshi hayo, kwa sababu zimeshapigwa msasa.

Marshall Mathers, ndiye Eminem mwenyewe, alizaliwa St. Joseph, Missouri, mwaka 1972, lakini kimuziki ni mtoto wa Detroit. Aliyemwambukiza rap ni mjomba wake Ronnie, ambaye walikuwa karibu rika moja. Ndiye aliyemsikilizisha "Reckless" ya Ice-T. Alipofika miaka 14 alikuwa tayari anachana, yaani anarap, na rafiki yake wa shule, Mike Ruby, Ruby akijiita Manix na yeye M&M. Halafu majina yakaanza kubadilika haraka haraka kama kawaida ya vijana wanaotafuta pa kushika: MC Double M, kundi la New Jacks na demo waliyofanya na DJ Butter Fingers, kisha Bassmint Productions mwaka 1989, ambako alikuwepo pia Chaos Kid. Mwaka 1990 Bassmint walitoa EP yao (rekodi fupi kuliko albamu), Steppin' onto the Scene. Mwaka 1992 wakabadili jina wakawa Soul Intent. Katikati ya hayo yote, kijana alikuwa amerudia darasa la tisa mara tatu na kuacha shule akiwa na miaka 17, na mwishoni mwa 1991 Ronnie alijiua.

Rekodi za Bassmint si nzuri kwa kipimo cha kawaida. Sauti haijapevuka, biti ni za zama zile, na mara nyingi unamsikia akichana kama kila mtu aliyekuwa anasikika redioni wakati huo. Lakini sikiliza vina. Tangu hapo hatosheki na kina kimoja mwishoni mwa mstari. Anataka viwili, vitatu, anavibananisha hata pale ambapo maana inaumia. Huo ulafi wa vina haukutoka California.

Sasa tumzungumzie Proof, maana bila yeye sehemu kubwa ya habari hii haisimami. Jina lake halisi ni DeShaun Holton; alisoma shule ya Osborn, Eminem alikuwa shule ya Lincoln kule Warren, na Proof alikuwa akimwingiza rafiki yake kwenye kantini ya shule yao ili akachuane na wanafunzi wa pale. Fikiria mazingira: shule ya weusi, mtoto mmoja mzungu, meza za chakula, na watu wamezunguka wakisubiri kumcheka. Proof ndiye aliyekuwa anamdhamini kwa jina lake mwenyewe. Miaka michache baadaye akafanya jambo hilo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi pale Hip Hop Shop, duka la nguo la mbunifu Maurice Malone kwenye barabara ya 7 Mile. Jumamosi nguo zilikuwa zinabaki ukutani, katikati ya duka panageuka jukwaa, na Proof ndiye mwenye kuongoza michuano ya fristaili, yaani kuchana mistari papo kwa papo. Pale hapakuwa na prodyuza wa kukusafishia sauti wala nafasi ya kurudia mstari. Ukichemka, unachemka mbele ya wenzako wote wa mji. Kila mara nikimsikia Eminem wa baadaye akimjibu mtu, akianza kwa kujitukana mwenyewe kabla adui hajapata nafasi, nasikia mazoezi ya duka lile.

Upande wa studio walikuwepo ndugu wawili, Mark na Jeff Bass. Mark alimsikia kijana akifristaili redioni Detroit na akamtafuta. Hao ndio waliomfungulia mlango na kumwachia studio kwa miaka, bila uhakika wa kurudisha chochote. Novemba 1996, kupitia lebo yao ndogo ya Web Entertainment, ikatoka Infinite, albamu ya kwanza ya Eminem. Nakala zake zinatajwa kuwa kama 1,000 tu, kanda na santuri, na nyingi ziliuzwa mkono kwa mkono, nyingine kutoka kwenye buti la gari. Wakati huo alikuwa anapika na kuosha vyombo kwenye mgahawa kwa dola 5.50 kwa saa, na binti yake Hailie alikuwa hajatimiza hata mwaka.

Infinite ilipokewa vibaya mjini kwao, au tuseme haikupokewa kabisa. Waliobahatika kuisikia walisema anawaiga Nas na AZ, wachanaji wa New York. Wengine walimwambia kwa rangi yake angefanya roki tu. Hoja ya kuiga ina ukweli ndani yake, sitaificha. Lakini weka wimbo wenyewe wa "Infinite" uusikilize kwa makini. Biti ni ya Denaun Porter, imetulia, na juu yake kijana anapanga vina vya silabi nne, tano, anavianzisha katikati ya mstari, anavivusha mpaka mstari unaofuata, anavirudia kwa maneno marefu ambayo wachanaji wengi wangeyakwepa, na pumzi haikatiki. Ufundi ule umekamilika. Kinachokosekana ni mtu. Unasikia mikono ya fundi hodari, lakini hujui fundi mwenyewe anaumwa wapi.

Halafu kuna "It's O.K.", wimbo ninaoupenda kuliko yote kwenye albamu hiyo. Humo Eminem anaota kuwa baba wa familia mwenye ndoa yenye amani, anasema imani yake kwa Mungu imemshika katikati ya wazimu unaomzunguka, anataka kuishi mpaka azeeke kiasi cha kubebwa. Hakuna ukali, hakuna damu, hakuna matusi ya kumtia mtu kichefuchefu. Ni kijana wa miaka 24 anayeomba maisha ya kawaida. Ukimjua Eminem kuanzia 1999 kuja huku, wimbo huu utakushtua. Mimi huuona kama ufunguo: hasira ya Slim Shady, nafsi ya pili aliyokuja kuivaa baadaye, ni ya mtu aliyewahi kuomba kwa upole na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama.

Na hata huyo Slim Shady, dalili zake zilikuwepo kabla. Soul Intent walikuwa na wimbo wa "Backstabber", ambao baadaye uliingizwa kwenye Infinite. Unaanza kama tangazo la polisi: maofisa wanaambiwa wawe macho, kuna mtu mwenye nywele za kijani ametoroka. Kisha unafuata mkimbizano wa kikatuni, mwenda wazimu mbele, msimulizi nyuma. Kwenye albamu iliyojaa nyimbo za kujitapa kwa ustadi wa maneno, huo peke yake una mhusika, una tukio, una ucheshi wa giza. Tofauti ni kwamba wakati ule Eminem alikuwa bado anamfukuza yule mwendawazimu. Hakuwa amekubali kuwa yeye.

Aliyemsukuma kukubali ni kundi. Mwaka 1996 Proof alikusanya wachanaji wa Detroit wakaunda D12: yeye, Eminem, Bizarre, Bugz, Kuniva na Denaun Porter, ambaye humo aliitwa Kon Artis. Walikuwa sita, lakini kila mmoja alitakiwa aje na nafsi ya pili, ili wawe kumi na wawili. Eminem alihitaji nafsi yake, akaipata: Slim Shady. Kwa maoni yangu hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika kazi yake, kubwa kuliko mkataba wowote. Sharti la kundi la marafiki, lililowekwa kwa ajili ya kuchangamshana, lilimpa ruhusa ya kusema yale ambayo Marshall wa "It's O.K." asingethubutu.

Mwishoni mwa 1997 ikatoka Slim Shady EP, bado chini ya Web Entertainment, bado na ndugu Bass. Aliyekuwa akituhumiwa kumwiga Nas hakuwepo tena. Sauti imepanda juu, inabana puani, inacheka na kutisha kwa wakati mmoja. Kwenye "No One's Iller" wamo Bizarre, Swifty na Fuzz Scoota wakishindana nani ana akili mbaya zaidi. "If I Had" ni uchovu mtupu wa mtu asiye na hela. Pia umo wimbo wa baba anayezungumza na bintiye mdogo garini wakielekea kuutupa mwili wa mama, wimbo ambao dunia iliujua baadaye kwa jina la "'97 Bonnie & Clyde". Unaweza kuuchukia, na wengi wameuchukia kwa sababu za haki. Lakini huwezi kusema unafanana na wa mtu mwingine.

Mwaka huo huo alikwenda Los Angeles kwenye mashindano ya kuchana ya Rap Olympics, akafika fainali, akashindwa na mchanaji Otherwize. Kazi zake zikamfikia mfanyakazi wa Interscope, zikapanda mpaka kwa Iovine, naye akampigia Dre. Dre alistahili sifa zake: alikuwa jina zito wakati hakuna mtu mzito aliyekuwa tayari kumsimamia mchanaji mzungu, na siku yao ya kwanza studio walitengeneza "My Name Is", wimbo uliofungua kila mlango. Hilo silipingi hata kidogo.

Ila chukua jalada la The Slim Shady LP, albamu ya Februari 1999, usome nani alifanya nini. Dre ametengeneza nyimbo tatu: "My Name Is", "Guilty Conscience" na "Role Model". Sehemu kubwa ya zilizobaki ni za ndugu Bass wakishirikiana na Eminem mwenyewe, na baadhi zilikuwa kwenye EP ya 1997. Yaani albamu tunayoambiwa Dre ndiye aliyeizaa, kwa kiasi kikubwa ilitoka kwa watu wa Detroit, kwa mikono ile ile iliyosimamia Infinite. Jeff Bass baadaye alichukua Oscar pamoja na Eminem na Luis Resto kwa "Lose Yourself". Denaun Porter alimtengenezea mchanaji 50 Cent biti ya "P.I.M.P.". Hao si watu wa kuitwa wasindikizaji.

Kuna upande mwingine wa kupenda rekodi za zamani, nao unauma. Mwaka 2003 jarida la The Source lilileta hadharani kanda ya ujana wake, ambamo anawatukana wanawake weusi kwa maneno ya kibaguzi. Eminem alikiri ni sauti yake, akaeleza kuwa aliirekodi akiwa kijana mdogo baada ya kuachana na msichana mweusi, na akaomba radhi. Najua mashabiki wanaotaka kanda hiyo isitajwe kabisa. Mimi naona lazima itajwe, hasa kwa sababu utamaduni uliomlea, marafiki waliomdhamini kantini na dukani, walikuwa weusi. Tukitaka miaka ile ihesabiwe, ihesabiwe yote, pamoja na aibu yake. Huwezi kuchagua "It's O.K." ukaizika hiyo nyingine.

Infinite angalau imekumbukwa. Ilipotimiza miaka 20, Novemba 2016, wimbo wenyewe ulitolewa upya ukiwa umefanyiwa kazi na ndugu Bass, pamoja na filamu fupi ya kueleza ilivyotengenezwa, na ndani yake Denaun na wenzake wanasimulia wenyewe. Ningependa kuona Bassmint na Soul Intent wakifanyiwa hivyo hivyo: rekodi zikasafishwa, zikatolewa rasmi, kila aliyechana na kila aliyeshika santuri akaandikwa jina na kulipwa. Manix, Chaos Kid na Butter Fingers wanastahili. Proof aliuawa kwa risasi Aprili 2006, Bugz aliuawa mapema zaidi, Mei 1999, miezi michache tu baada ya The Slim Shady LP kutoka. Wenye kumbukumbu za miaka ile wanapungua, na kanda za miaka ya 1990 zinaharibika zikiwa kwenye maboksi.