Jigi Kuukuu za Samoni: Ubishi wa Risasi na Mshuko

Kwenye ghuba ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani, na ng'ambo ya mpaka huko British Columbia, Kanada, bado wapo wavuvi wa samoni wanaofukua masanduku ya vifaa vya zamani wakisaka jigi iliyobabuka rangi: Buzz Bomb, Point Wilson Dart, Crippled Herring. Jigi ni chambo cha bandia cha madini, chenye umbo la samaki mdogo. Hushushwa wima kando ya mashua, kisha huchezeshwa kwa kuinuliwa na kuachiwa. Wanaowacheka wavuvi hao husema ni watu wanaolilia ujana wao tu. Madukani zimejaa jigi mpya zinazong'aa gizani, na waliojizatiti wanarambaza, yaani wanakokota chambo nyuma ya mashua, huku waya wenye tufe zito ukikishikilia kwenye kina wanachotaka.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Anayerambaza hupitia maji mengi kwa saa moja, ilhali mwenye jigi amekaa juu ya kundi moja la heringi, samaki wadogo wanaoliwa na samoni, akiomba lisihame. Ila wenye kucheka huangalia rangi na umri wa chambo, wakasahau kuangalia kinavyoshuka.

Chinook na coho, aina mbili za samoni, wengi hudaka jigi inaposhuka, si inapopanda. Mvuvi huishusha hadi kina cha heringi, anainua ncha ya mwanzi sentimita 60 hadi 90, kisha anaiteremsha akiufuata mshipi. Hapo ndipo wengi huharibu. Mshipi ukibaki umekaza, jigi inateremka wima kama chubwi, haiyumbi wala haimetameti. Ukilegea mno, samaki anadaka na kutema, na mvuvi hajui kama kulikuwa na mgeni. Unatakiwa ulegee kiasi cha kuipa jigi nafasi ya kulala ubavu, na dalili ya samaki ni mshipi kusimama kabla ya wakati wake. Tena uwe karibu wima. Ukianza kwenda mshazari sana, ama jigi ni nyepesi, ama mkondo umezidi. Afadhali kungoja maji yatulie.

Kwa mshuko huo, mafundi wa zamani walijua wanachofanya. Buzz Bomb ni kipande chenye ncha mbili na pande bapa, na mshipi hupita katikati ya mwili wake. Unapitisha mshipi kwenye tundu, unaweka kipande kidogo cha mpira cha kukinga fundo, ndipo unafunga ndoana. Samaki akinasa, mwili wa chambo huteleza juu ya mshipi, naye hapati uzito wa kuutikisa ili aing'oe ndoana. Mpira ukipotea, madini hugonga fundo kila unapoinua mwanzi, na fundo likikatika samaki anaondoka na ndoana. Point Wilson Dart, iliyopewa jina la rasi iliyoko Port Townsend, haina ujanja huo wa tundu. Yenyewe ni wembamba na mizani tu, na ikiachiwa huteleza upande kama samaki aliyejeruhiwa.

Sasa tuje kwenye madini, maana ndiyo kiini cha ubishi: risasi ya jigi za zamani (madini mazito, si ya bunduki) au zinki inayochukua nafasi yake. Risasi ina gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, zinki ina 7.1. Chukua jigi ya risasi ya gramu 85, uitengeneze ya zinki kwa kalibu ileile: itakuwa na gramu 53 hivi. Ndani ya maji pengo linapanuka zaidi, kwa sababu zote mbili zinapoteza uzito uleule wa maji ya chumvi zinayoyasukuma. Ya zinki inabaki na takribani asilimia 59 ya uzito wa mwenzake. Basi inashuka polepole, mkondo unaichukua, mshipi unakwenda mshazari, na ule mlegeo tuliousema unakuwa haupatikani. Ukitaka kurudisha gramu 85 kwa umbo lilelile, lazima urefu uongezeke kwa kama asilimia 17, na chambo kilichoiga heringi mdogo sasa kinaiga heringi mkubwa. Tungsten ni nzito kuliko risasi, lakini haimiminwi kwenye kalibu ya gereji. Huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zaidi ya 3,400, risasi 327 tu. Kwa hiyo mtu anayesema "ya zamani inashika zaidi" huenda anapima kitu halisi, hata kama hajui kukieleza.

Upande wa pili una haki yake palipo na sumu. Risasi inaua ndege wanaomeza vipande vidogo, na Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vyubwi vya risasi vya hadi gramu 28.35 tangu 1987 ili kuwanusuru mabata-maji. Jigi ya gramu 85 hakuna ndege wa kuimeza, lakini inayokatikia miambani inabaki humohumo. (Anayeilaumu jigi hii huku tufe lake la kurambazia ni la risasi, kilo tano, angeanzia kwake.)

Hoja nzito zaidi ni ndoana. Jigi nyingi za zamani zina ndoana ya makucha matatu yenye vijino vya nyuma. Chinook wa Puget Sound wamo katika orodha ya walio hatarini tangu 1999. Samaki mwenye pezi dogo la mafuta karibu na mkia, yaani asiyekatwa pezi hilo kwenye vituo vya kuzalishia samaki na hivyo huhesabiwa wa asili, kwa kawaida hurudishwa majini, na makucha matatu humchana kinywa na matamvua. Sheria ya samoni baharini, Washington, inataka ndoana ya ncha moja isiyo na kijino. Hapa mpenzi wa vya kale hana pa kujitetea. Abadilishe.

Na kubadilisha kuna gharama. Ndoana ni sehemu ya mizani ya jigi: ikiwa nyepesi mno, mkia unanyanyuka na jigi inazunguka badala ya kuyumba, ikiwa nzito, inashuka mkia mbele. Rangi nayo isipakwe tabaka juu ya tabaka, huziba tundu na kuviringa kingo. Unga mweupe juu ya risasi usipigwe msasa mkavu. Sanduku la mwaloni, ingawa linapendeza, hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi polepole.

Ukishafunga ndoana mpya, ishushe jigi mita moja kando ya mashua maji yakiwa matulivu, ulegeze mshipi, utazame. Ikishuka moja kwa moja au ikijizungusha kama pia, fungua ujaribu saizi nyingine ya ndoana kabla hujaipeleka kwenye mita 30, usikoweza kuiona.